Nyayo Zinazofuatwa na Nyayo Zinazorukwa

Wahenga walinena: tembea uone. Nasaha hiyo ni njema, lakini inaacha swali moja bila jibu. Ni nani anayemwonyesha mtembezi cha kuona, na ni mahali papi anapopitishwa mbio asije akauliza? Swali hili lina uzito wa pekee linapoelekezwa kwa ziara ambazo familia nyingi za waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kwa jina la Wamormoni, hufunga nchini Marekani shule zinapofungwa wakati wa kiangazi. Baba na mama hupakia watoto, vyakula na mahema garini, wakashika njia iliyopitwa na watangulizi wa imani yao katika karne ya 19. Husimama Nauvoo, katika jimbo la Illinois, wakatazama mto Mississippi. Huvuka nyanda za Iowa na Nebraska, wakapanda milima ya Wyoming, na hatimaye kuteremka katika bonde la Salt Lake, jimboni Utah. Njiani watoto husimuliwa habari za njaa, theluji na makaburi yasiyo na majina.

Makala haya yanashikilia kwamba ziara hizo ni shule yenye thamani kubwa, tena shule ambayo mataifa mengi yangeionea wivu. Hata hivyo, ni shule yenye somo moja lililorukwa. Familia husimama kwa heshima mahali ambapo mababu walidhulumiwa, lakini ni chache zinazopinda kona kwenda kusimama mahali ambapo mababu hao hao waliwadhulumu wengine. Maadamu kona hiyo haipindwi, mtoto hurudi nyumbani akiwa na nusu ya urithi wake, akidhani ameupata wote.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini suala hili liletwe mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Jibu ni kwamba ziara ya aina hii ni usimulizi. Ina msimulizi, ina hadhira, ina mandhari, ina mashujaa na mahasimu. Kwa ufupi, ni mighani inayosimuliwa kwa magurudumu. Mwanafunzi aliyezoea kumhoji msimulizi wa mighani, akiuliza amesema nini na amenyamazia nini, ana zana za kutosha za kuichambua safari hii. Isitoshe, Kanisa hili si geni nchini Kenya. Lilitambuliwa rasmi mwaka 1991, na hekalu lake la Nairobi likawekwa wakfu mwaka 2025. Wapo Wakenya, basi, wanaofundishwa kuwaita watangulizi hao mababu wa imani yao.

Njia yenyewe

Kisa chenyewe, kwa muhtasari, ni hiki. Joseph Smith alilianzisha Kanisa hilo mwaka 1830 katika jimbo la New York. Wafuasi wake walihamia Kirtland, jimboni Ohio, na wengine wakaenda Missouri. Huko Missouri uhasama baina yao na majirani ulizidi hadi gavana Lilburn Boggs akatoa amri, tarehe 27 Oktoba 1838, kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Siku tatu baadaye, mahali paitwapo Haun's Mill, watu 17 waliuawa, akiwemo mvulana wa miaka 10. Amri hiyo haikufutwa rasmi hadi mwaka 1976.

Waliofukuzwa walijenga mji wa Nauvoo kuanzia mwaka 1839. Mwaka 1844, Joseph Smith na nduguye Hyrum waliuawa na genge la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, safari fupi kutoka Nauvoo. Mwezi wa Februari 1846, kundi la kwanza likauvuka Mississippi kuelekea magharibi chini ya uongozi wa Brigham Young. Walipisha majira ya baridi mahali palipoitwa Winter Quarters, ambapo leo ni sehemu ya mji wa Omaha, na mamia yao wakafa kwa maradhi na utapiamlo. Tarehe 24 Julai 1847, Young aliingia bonde la Salt Lake, na siku hiyo ingali sikukuu jimboni Utah. Kati ya mwaka huo na 1869, reli ilipokamilika kutoka mashariki hadi magharibi ya nchi, takribani watu 70,000 waliifuata njia hiyo. Kutoka Nauvoo hadi Salt Lake ni mwendo wa kilomita zipatazo 2,100. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliitangaza kuwa njia ya kihistoria ya kitaifa.

Mkokoteni kama mwalimu

Haifai kuanza kwa lawama kabla ya kutoa haki panapostahili. Nguvu ya ziara hii ni kwamba inamfunza mtoto kupitia mwili wake. Karibu na Guernsey, jimboni Wyoming, magurudumu ya wahamiaji waliokwenda Oregon, California na Utah yalichimba mwamba hadi mfereji wenye kina kinachofika mita moja na nusu. Mtoto anaposimama ndani ya mfereji huo, ukuta wa mwamba ukampita kimo, hana haja ya hotuba ndefu ili afahamu kuwa waliopita hapo walikuwa wengi na kwamba mizigo yao ilikuwa mizito.

Somo hilo huwa kali zaidi Martin's Cove, katika jimbo hilo hilo. Kati ya mwaka 1856 na 1860, waumini wapatao 3,000, wengi wao maskini kutoka Uingereza na nchi za Skandinavia, walivuka nyanda hizo wakivuta mikokoteni kwa mikono kwa kuwa hawakuweza kumudu magari ya kukokotwa na maksai. Msomaji wa Nairobi au Mombasa hahitaji kueleweshwa mkokoteni ni nini. Humwona hamali kila asubuhi akiuinamia njiani kwenda sokoni. Tofauti ni kwamba hamali huufikisha mzigo wake jioni, ilhali watu hawa waliuvuta kwa miezi. Mkokoteni mmoja ulibeba mali ya watu watano hivi, na kila mtu mzima aliruhusiwa mzigo wa ratili 17, yaani takribani kilo nane. Baadhi ya mikokoteni iliundwa kwa mbao mbichi, ambazo zilisinyaa na kupasuka katika hewa kavu ya nyanda.

Misafara miwili ya mwaka 1856, uliokuwa chini ya James Willie na uliokuwa chini ya Edward Martin, ilichelewa kuondoka. Theluji iliinasa mwezi wa Oktoba huko Wyoming, chakula kikiwa kimekwisha kupunguzwa. Zaidi ya watu 200 walikufa. Wengine wote wangeangamia lau waokoaji wasingetumwa kutoka Salt Lake na magari ya unga, nguo na mablanketi. Leo, familia zinazofika Martin's Cove hukabidhiwa mikokoteni, zikaivuta wenyewe kwa zamu. Kijana aliyekuwa akilalamika garini kwamba kumekuwa na joto hunyamaza. Hakuna kitabu kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa wepesi kama huo.

Hata hapa, hata hivyo, kuna mlango wa kuingilia katika ukweli ambao msimulizi anaweza kuufungua au kuufunga. Mwezi wa Agosti 1856, kabla ya msafara wa Willie kuondoka Florence, Nebraska, mmoja wa viongozi wake wadogo aitwaye Levi Savage alisimama akawaonya watu kwamba muda ulikuwa umepita, na kwamba wazee, wagonjwa na watoto wangekufa njiani. Alipingwa. Aliposhindwa, alifunga virago vyake akaenda pamoja nao, akawasaidia hadi mwisho. Msimulizi anaweza kukieleza kifo cha watu wale kama mtihani wa imani tu, na akaishia hapo. Anaweza pia kueleza kwamba kulikuwa na kosa la uongozi, kwamba lilitabiriwa hadharani, na kwamba aliyelitabiri hakupewa sikio. Masimulizi yote mawili yanamheshimu marehemu, lakini ni la pili tu linalomfunza mtoto kwamba kiongozi anaweza kukosea na kwamba mwenye kuonya anaweza kuwa mwaminifu kuliko wenye kushangilia.

Mwenye jengo ndiye mwenye ulimi

Anayezuru vituo hivi aghalabu huongozwa na wazee wa kujitolea, mume na mke, ambao ni wamisionari wa Kanisa. Ni watu wakarimu, nao husimulia kwa uchangamfu. Lakini ukarimu wa msimulizi haumwondolei mtazamo wake. Jambo hili lilionekana wazi huko Kirtland na Nauvoo kwa miongo mingi. Hekalu la Kirtland, lililowekwa wakfu mwaka 1836, pamoja na nyumba za Joseph Smith zilizoko Nauvoo, havikuwa mikononi mwa Kanisa la Salt Lake, bali vya dhehebu jingine lenye asili hiyo hiyo, Community of Christ, ambalo halikumfuata Brigham Young magharibi. Mgeni wa Nauvoo aliweza kuvuka barabara tu akasikia kisa kile kile kikisimuliwa kwa namna nyingine. Mwezi wa Machi 2024, majengo hayo yaliuziwa Kanisa la Salt Lake, pamoja na hati na vitu vingine vya kale, kwa dola milioni 192.5. Ununuzi ulikuwa halali, na huenda majengo yakatunzwa vizuri zaidi kwa kuwa mnunuzi ana uwezo. Hata hivyo, mji uliokuwa na wasimulizi wawili umebakiwa na mmoja, na mzigo wa kusema yote umemwangukia yeye peke yake.

Nauvoo hiyo hiyo ndiyo inayompa msimulizi nafasi ya kumtaja Jane Manning. Mwanamke huyu Mweusi, aliyezaliwa huru katika jimbo la Connecticut, aliondoka kwao mwaka 1843 na jamaa zake kwenda kuungana na waumini wenzake. Walipofika Buffalo walinyimwa nafasi ya kuendelea kwa chombo cha majini, wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,200. Katika kumbukumbu alizosimulia uzeeni, alieleza jinsi viatu vyao vilivyokwisha, nyayo zikapasuka na kuacha alama za damu ardhini. Iwapo ziara ya familia inatafuta nyayo za kufuata, ni zipi zinazostahili kutangulizwa kuliko hizo? Hii nayo ilikuwa familia, nayo ilikuwa barabarani.

Jane alipokewa nyumbani kwa Joseph Smith, akafanya kazi humo, na mwaka 1847 akafika bonde la Salt Lake. Hata hivyo, tangu mwaka 1852 Brigham Young alikuwa ametangaza kwamba wanaume wenye asili ya Afrika wasipewe ukuhani, na katazo hilo liliwafungia Weusi, wake kwa waume, ibada za juu za hekaluni. Jane aliziomba ibada hizo mara kwa mara hadi uzeeni, asipewe. Mwaka 1894 viongozi walimwidhinishia jambo moja tu: aunganishwe na familia ya Joseph Smith katika ibada ya hekaluni kama mtumishi wao wa milele. Hata hiyo hakuruhusiwa kuihudhuria. Mwanamke mwingine alisimama kwa niaba yake. Alifariki mwaka 1908. Katazo lenyewe liliondolewa mwaka 1978.

Mtumishi na mtumwa

Neno hilo, mtumishi, linastahili kupewa kituo hapa, kwa kuwa ni neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili analijua kwa undani. Katika kundi la kwanza lililoingia Utah mwaka 1847 walikuwamo watu 148: wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili. Miongoni mwa wanaume hao walikuwamo watatu Weusi, Green Flake, Hark na Oscar, ambao walikuwa wakimilikiwa. Mnara wa Brigham Young ulioko katikati ya Salt Lake City una bamba lenye majina ya kundi hilo. Watatu hawa wamo, lakini wametengwa na wenzao, na wameorodheshwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya watumishi. Hark na Oscar wamepewa hapo majina ya ukoo ya waliowamiliki.

Katika Kiswahili, mtumishi na mtumwa ni ndugu wa mzizi mmoja, tuma. Umbali baina yao ni wa mnyambuliko tu, lakini katika maisha ya mtu ni umbali wa bahari. Mtumishi hutumika, mtumwa hutumwa. Wa kwanza anaweza kuaga asubuhi akaenda zake. Wa pili hawezi. Aliyeandika bamba lile alichagua neno la kwanza ili kuficha la pili, na kwa miaka mingi familia zilisimama mbele ya mnara huo watoto wakasoma bila kutambua kwamba mababu waliokimbia dhuluma walikuja na watumwa katika msafara wa kwanza kabisa wa uhuru wao. Green Flake alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufyeka njia, akaingia bondeni siku mbili kabla ya Brigham Young mwenyewe. Aliyeifungua njia ya uhuru wa wenziwe hakuwa huru.

Ni haki kutaja kwamba mambo yameanza kubadilika. Mwaka 1847 ulipotimiza miaka 175, yaani Julai 2022, katika bustani ya kihistoria iliyoko kwenye mlango wa bonde, ambako familia nyingi huhitimisha safari zao, ulizinduliwa mnara wa kuwaenzi Flake, Hark, Oscar na Jane. Mahali palipokuwa na ukimya pana sanamu sasa. Mzazi anayefika hapo hana tena kisingizio cha kusema hakujua.

Kona isiyopindwa

Ukimya mkubwa zaidi, hata hivyo, uko zaidi ya kilomita 400 kusini mwa Salt Lake City, katika bonde liitwalo Mountain Meadows. Mwezi wa Septemba 1857 msafara wa familia kutoka Arkansas, uliokuwa ukielekea California na mifugo yake, ulipiga kambi hapo. Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa njiani kuja Utah, na hofu ilikuwa imetanda miongoni mwa Wamormoni, ambao walikumbuka vyema yaliyowapata Missouri na Illinois. Wanamgambo wa Kimormoni wa eneo hilo, wakiwashirikisha baadhi ya Wapaiute, waliuzingira msafara huo. Baada ya siku kadhaa, tarehe 11 Septemba, wanamgambo waliwaendea wasafiri na bendera nyeupe, wakawaahidi usalama iwapo wangesalimisha silaha zao. Wasafiri waliamini. Waliongozwa nje ya kambi yao, kisha wakauawa, wanaume, wanawake na watoto. Idadi yao inakadiriwa kuwa 120. Waliosalimishwa ni watoto 17 tu, ambao walidhaniwa kuwa wadogo mno kiasi cha kutoweza kusimulia. Walilelewa katika nyumba za wenyeji hadi mwaka 1859 waliporejeshwa kwa jamaa zao Arkansas.

Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa Wapaiute. Katika wote walioshiriki, mtu mmoja tu, John D. Lee, ndiye aliyehukumiwa. Aliuawa kwa kupigwa risasi katika bonde hilo hilo mwaka 1877. Mwaka 1950 Juanita Brooks, mwalimu na mwanahistoria wa Kimormoni kutoka kusini mwa Utah, alichapisha kitabu kilichoeleza bila kuficha kwamba waliopanga na kutekeleza mauaji walikuwa wanamgambo wa imani yake mwenyewe. Alibaki muumini hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 2007, mauaji hayo yalipotimiza miaka 150, mmoja wa mitume wa Kanisa, Henry Eyring, alisimama katika bonde hilo akasoma taarifa ya majuto, ikiwemo majuto kwa Wapaiute kwa kubebeshwa lawama isiyo yao peke yao. Mwaka 2011 mahali hapo palitangazwa kuwa eneo la kihistoria la kitaifa. Minara ipo, na barabara ya lami inapita karibu. Maelfu ya familia hupita eneo hilo la kusini kwenda kuzuru mbuga za majabali mekundu. Kinachokosekana ni desturi ya kupinda kona.

Methali inasema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Familia inayolia Haun's Mill na kuipita Mountain Meadows imeionja methali hiyo upande mmoja tu. Na si Mountain Meadows pekee. Karibu na Preston, jimboni Idaho, kando ya mto Bear, jeshi la Marekani liliwaua mamia ya Washoshone tarehe 29 Januari 1863, baada ya walowezi wa Kimormoni kuwa wamechukua malisho na vyanzo vya chakula vya watu hao. Walioua hawakuwa Wamormoni, lakini ardhi iliyogombewa ndiyo iliyolisha mifugo ya watangulizi. Mwaka 2018 kabila lenyewe lilinunua sehemu ya ardhi hiyo ili kisa chake kisimuliwe na wenyewe.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba watoto ni wadogo, na si vyema kuwatwisha habari za damu. Hoja hii ingekuwa na mashiko kama watoto hao hawangesimuliwa habari za damu kabisa. Lakini kisa cha mvulana wa miaka 10 aliyeuawa Haun's Mill husimuliwa mbele yao bila wasiwasi. Mtoto anayetosha kuambiwa kwamba mwenziwe aliuawa kwa kuwa Mmormoni anatosha pia kuambiwa kwamba wenziwe waliuawa na Wamormoni. Watoto 17 wa Mountain Meadows hawakuulizwa iwapo umri wao uliwaruhusu kuyaona waliyoyaona.

Wengine watadai kwamba ziara hizi ni ibada, si somo la historia, na kwamba muumini huenda Nauvoo kutafuta imani, si hoja. Dai hili lina ukweli, na haliwezi kupuuzwa. Lakini imani ambayo hulindwa kwa kufumba macho huishi kwa hofu ya siku yatakapofumbuliwa. Kijana anayeisikia habari ya Mountain Meadows kwa mara ya kwanza chuoni, kutoka kwa mtu asiyempenda, hujiuliza swali moja baya kuliko yote: wazazi wangu walijua? Wakijua, mbona hawakuniambia? Ni heri mara elfu aisikie kutoka kwa mama yake, akiwa ameshikwa mkono, mbele ya kaburi lenyewe. Aidha, Juanita Brooks ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuusema ukweli mchungu kuhusu watu wake na bado akaketi nao ibadani Jumapili.

Kundi la tatu litauliza: ni jamii gani isiyo na aibu zake, na mbona hawa tu wasakamwe? Jibu ni kwamba hawasakamwi. Wanaombwa zaidi kwa kuwa wamejaliwa zaidi. Wengi duniani hawajui hata babu wa babu yao alikuwa nani. Wamormoni wamehifadhi shajara, orodha za misafara, majina ya waliozikwa njiani, na njia nzima ya kilomita 2,100. Jamii yenye hazina kama hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuwafundisha wengine jinsi ya kukumbuka kwa haki.

Tamati

Pendekezo la makala haya ni dogo na halihitaji bajeti. Familia inayofunga safari ya watangulizi na iongeze vituo vitatu katika ramani yake: jina la Jane Manning itakapofika Nauvoo, majina ya Green Flake na wenziwe itakapofika Salt Lake, na siku moja ya kwenda kusini hadi Mountain Meadows. Mzazi na atumie sauti ile ile aliyoitumia Martin's Cove, bila kuipunguza wala kuikuza. Mkokoteni unamfunza mtoto kwamba watu wake waliweza kuvumilia. Bonde lile la kusini litamfunza kwamba watu hao hao, walipojawa na hofu, waliweza kuinua bendera nyeupe na kudanganya. Anayejua mambo yote mawili ana kinga ambayo hana anayejua moja.

Kwa muumini wa Nairobi, Kisumu au Eldoret, ambaye hana tone la damu ya watangulizi hao lakini amefundishwa kuwaita mababu, somo ni hilo hilo kwa uchungu zaidi. Lau angeishi Utah kabla ya mwaka 1978, mlango aliofungiwa Jane naye angefungiwa. Kuipokea historia hiyo kuwa yake ni pamoja na kuupokea mlango huo uliofungwa, na kumtaja kwa jina mwanamke aliyebisha hodi hapo hadi kufa kwake. Urithi hauchaguliwi kama nguo za mtumba, mtu akatoa zilizo nzuri na kuziacha zilizochanika kwenye rundo.

Na kwa mwanafunzi wa fasihi, iwe anasoma mighani ya pwani, ya nyanda za juu au ya ng'ambo, jukumu lake halibadiliki. Kila simulizi la mashujaa lina kona ambayo msimulizi huipita mbio. Mwanafunzi na aombe gari lisimame hapo, ashuke, na aulize ni nani aliyelala chini ya mawe yale.